Nyuzi Nilizoziita Pamba

Grâce mwanangu,

Naandika nikiwa labo, kwenye meza yangu ya dirishani, nyuma ya karatasi za kuombea vipimo, maana karatasi nyingine hapa hakuna na wewe unalijua hilo. Wagonjwa wameisha. Mama Véro mwenzangu amekwenda zake. Jua bado lipo, na huko Kabondo mama yako anapiga pasi blouse zako nyeupe huku akiwafokea wadogo zako wasizikanyage. Yeye ndiye atakayekuambia mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, na ya wale wachimba dhahabu wa huko uendako, Bafwasende, wanaojifanya wachumba. Mimi hayo nayaruka. Nina jambo moja tu, na nikilizungukazunguka nitalikimbia kama nilivyolikimbia miaka kumi na mitatu.

Aliyeharibu jicho lako la kushoto si koko wako, bibi yako aliyenizaa. Ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka kunawa mikono, kana kwamba nimeshika kitu. Nimerudi, nimeikuta bado ipo. Kesho unapanda lori ukiwa na chuki juu ya marehemu ambaye hakukukosea, na heshima kwa baba asiyeistahili. Nikikuacha uende hivyo nitakuwa nimekuibia mara mbili. Nikikuambia, huenda nikakupoteza. Tangu Jumapili sijalala vizuri kwa ajili ya hayo mawili.

Unaikumbuka Jumapili? Tantine zako, shangazi na mama wadogo, walikuja kukuombea safari, na mmoja akakuuliza kwa nini umechagua kazi ya baba yako, kazi ya kukaa na mikojo ya watu. Ulikuwa umesimama katikati ya sebule na sahani ya pondu mkononi. Ukajibu bila kufikiri: "Miye natumika labo juu batoto ya bengine basipoteze macho juu ya majani ya bakoko." Watu wakacheka. Tantine Béa akapiga makofi: "Huyu mutoto iko na kinywa!" Yeye ni binti wa koko mwenyewe, naye alicheka. Mimi pia nilicheka. Nilisikia kicheko changu kikitoka, kirefu, cha mzee mwenye heshima zake, nikajichukia kama sijawahi kujichukia.

Utaniambia Kiswahili changu cha kitabu kimezidi leo. Nivumilie. Nikiandika tunavyosema nyumbani nitaanza kukutania, na nikishaanza kukutania sitamaliza.

Ulikuwa na miaka tisa. Likizo ile uliipitisha kwa koko, kule kando ya maporomoko, ambako na mimi nilizaliwa kabla sijaenda kujifanya mtu wa koti jeupe. Tonton zako, baba wadogo, walikuwa wakisuka madema mapya ya kutegea samaki kwenye maji makali, na koko ndiye aliyewapasulia kekele, ule mtambaa mgumu wa msituni wanaosukia. Wewe ulipenda kukaa karibu na magoti yake. Alikuita ndoyi, kwa kuwa ulibeba jina lake, Madeleine, na ndoyi wake hakuna aliyethubutu kumfukuza pale. Kekele moja ikamponyoka, ncha yake ikaruka, ikakugonga jicho. Basi. Uchawi haukuwepo, uzembe haukuwepo. Mimi pia nilipokuwa mtoto zilinigonga mara nyingi, ila zangu ziliishia mashavuni.

Akakukamulia majani, kama mama yake alivyomkamulia yeye. Sikuambii kwamba majani ni dawa ya jicho. Usimtie mtu yeyote, na ukimwona anayetia, mzuie kwa upole. Tena ile kuvu iliyolila jicho lako huenda iliingia na ncha ya kekele, huenda iliingia na maji ya majani. Hilo halitajulikana kamwe, nami sitakudanganya kwamba najua. Ninachojua ni kwamba siku ya tatu, alipoona doa jeupe kwenye jicho, hakungoja tena. Alikupandisha toleka, yeye akapanda baiskeli ya pili nyuma yako, mwanamke wa umri ule, akashikilia kiti mpaka Kabondo. Akaniambia: "Papa Mado, miye nimeshindwa. Weye ndiyo uko na mashini." Wakati huo wote waliniita Papa Mado, kwa kifupi cha jina lako Madeleine. Mwanamke yule hakujua kusoma, lakini alijua ujuzi wake unaishia wapi. Mimi mwenye diploma ukutani sikujua wangu.

Siku ya nne nikakupeleka kwa daktari wa macho. Alikutia matone ya ganzi, akachukua kisu kidogo, akakwangua ukingo wa kidonda kwenye ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni. Ulinishika kidole gumba. Hukulia. Alichokwangua akakipaka kwenye vipande viwili vya kioo, na vioo hivyo nilivitoa mimi mfukoni, vimefungwa kwenye karatasi. Labo ya pale ilikuwa imefungwa siku hiyo. "Bon, papa," akasema, "weye ni mutu wa labo. Uangalie weye mwenyewe, uniletee jibu leo. Donc dawa nitaandika kufuata jibu yako."

Nilifurahi, Grâce. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ningeweza kusema, daktari, huyu ni mwanangu, macho yangu leo si ya kuaminika, tafuta mwingine. Badala yake nilivibeba vile vioo kama mtu aliyebeba mayai, nikijiona baba bora Kisangani nzima.

Hapa lazima nikueleze jinsi tulivyofanya kazi, maana ninyi mmefundishwa kwa vioo vipya vya kwenye boksi. Sisi tulivifua. Kioo kimoja kilipima malaria za watu kumi kabla hakijavunjika. Tulivilowesha kwenye maji ya sabuni, tukavisugua, tukavikausha kwa vipande vya pagne, vile vitenge vikuukuu vya mama yako. Pagne huacha nyuzi. Hakuna mtu wa labo hii ambaye hajawahi kudanganywa na uzi wa pamba, akaudhani mnyoo au kuvu. Ilikuwa aibu yetu ya kila siku, na kama unavyojua, aibu ya kazini watu huigeuza mzaha.

Wiki mbili kabla ya jicho lako, Mama Véro alikuwa amehamishiwa kwetu. Siku zake za kwanza alipima ngozi ya mgonjwa mmoja, akapaza sauti kwamba ameona kuvu, njooni muone. Nikaenda. Nikaangalia. Ulikuwa uzi wa pagne, wa buluu kabisa, hata haukujificha. Nikamcheka mbele ya wagonjwa. Nikambatiza Maman Coton, Mama Pamba, na jina likamganda mpaka wauza kwanga wa langoni wakawa wanamwita hivyo. Yeye alitabasamu tu. Mimi nilijiona mcheshi.

Basi nikaketi na vioo vyako. Cha kwanza nikakidondoshea potasi, ile inayoyeyusha vitu vya mwili na kuiacha kuvu wazi. Potasi hutaka kungojewa. Mimi nilingoja kidogo mno, nilikuwa na haraka ya kuwa shujaa. Nikainama kwenye hadubini. Nikaona nyuzi.

Zilikuwa tatu au nne, nyembamba, zinapishana. Moyo ulinishtuka, na moyo ule ulikuwa mwalimu mzuri kuliko wote niliopata. Lakini kabla haujamaliza kusema nikasikia kicheko changu mwenyewe cha wiki mbili nyuma. Nikamwona Mama Véro akija kuangalia, akiinua kichwa na kuniambia kwa adabu zake kwamba ni uzi wa kitambaa. Nikaanza kufikiria jina watakalonipa mimi.

Alikuwa ameketi hatua mbili kutoka nilipo. Aliona nimeganda.

"Papa Mado, nikusaidie kuangalia?"

"Hapana. Iko pamba tu. Ile pagne ya mama Mado."

Akarudi kwenye kazi yake. Angefanya nini? Mtu uliyemvua nguo mbele ya watu hatakuja kukushika mkono kwa nguvu. Nyuzi za kitambaa ni nene hapa, nyembamba pale, zinajikunja, hazina matawi. Zile zako zilikuwa na upana mmoja mwanzo mpaka mwisho, zimegawanyika vyumba vyumba, moja ina tawi. Niliyaona hayo yote. Macho yangu hayakunidanganya hata kidogo. Niliyakatalia.

Kioo cha pili kilikuwa cha kupaka rangi. Sikukipaka. Rangi ilikuwa imebaki kidogo chupani, nikajiambia niwawekee wagonjwa wengine, na hapo pia nikajisifu kwamba simpendelei mwanangu. Nikakitia kwenye sanduku. Kisha nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri ambao mama yako huusifia: hakuna kuvu, hakuna kitu.

Alasiri nikampelekea daktari. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Uko na hakika, papa? Juu dawa nataka kuandika iko na cortisone ndani. Kama ni kuvu, cortisone itailisha."

"Niko na hakika, docteur."

Alinipa nafasi, mwanangu. Aliniwekea mlango wazi na akausimamia. Mara nyingi nimejaribu kumlaumu yule mtu, na kila mara nasikia swali lake.

Zikaja siku tatu ambazo nazikumbuka kwa sababu zilikuwa nzuri. Maumivu yalipungua. Wekundu ulipungua. Uliomba samaki wa liboke, ukala, ukacheza na wenzako uani. Ndivyo dawa ile inavyofanya: inanyamazisha mwili usipige kelele, na anayekula ndani anaendelea kula kwa raha zake. Mama yako alimshukuru Mungu kwa sauti. Majirani wakanipongeza. Siku ya nne doa lilikuwa limepanuka, na nyuma yake pamejaa usaha. Ya tano ulianza kugonga kichwa ukutani. Daktari akasimamisha ile dawa, akajaribu nyingine, akapiga simu Kinshasa kutafuta matone ya kuvu, kwa kuwa sasa hata bila labo alikuwa anaona. Yalipopatikana, ile ngozi ilikuwa imetoboka.

Siku walipoliondoa jicho nilisimama nje ya mlango nimeshika viatu vyako. Sijui kama kuna mtu asiye na kazi duniani kama baba aliyeshika viatu vya mtoto nje ya chumba cha upasuaji. Nilivishika saa nzima na nusu. Nilifunga kamba zake, nikazifungua, nikazifunga tena.

Baada ya hapo ukoo ulikutana, maana jicho la mtoto haliondoki hivihivi bila watu kukaa. Mimi ndiye niliyeulizwa kwanza, kama mtu wa hospitali. Nikasema ni majani. Wakati ule niliamini, na hilo namwambia hata Mungu: karatasi yangu ilisema siku ile hakuna kuvu, basi nikajiambia majani yaliliharibu jicho kwanza, kuvu ikaja baadaye. Koko alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Hakujitetea. Walimkataza asikae tena na watoto wa mtu yeyote, na wewe ukawa huendi tena maporomokoni. Alikuwa akija Kabondo na samaki wa moshi, anawaacha kizingitini, anaondoka kabla hujarudi shule, kwa sababu ulikuwa ukimwona unalia.

Miezi mitano ikapita. Akaja daktari mmoja kutoa mafunzo ya siku tatu kwa watu wa labo. Akachora ubaoni uzi wa pamba, na kando yake kuvu. Wenzangu walinakili. Mimi sikunakili chochote. Niliomba ruhusa kwamba nina mtoto mgonjwa, jambo ambalo kwa namna yake halikuwa uongo, nikaja hapa, nikafungua sanduku, nikakitoa kioo chako cha pili. Kilikuwa kikavu, na alama ya jina lako pembeni. Nikakipaka rangi. Kilijaa, Grâce. Hakukuwa na haja ya kutafuta. Popote nilipogeuza zilikuwepo, zimetapakaa kila upande, zina matawi yake na vyumba vyake kama alivyochora yule mwalimu. Nilikaa hapo mpaka mlinzi akaja kufunga lango.

Sikuzaliwa mwongo. Nilikuwa mwongo kuanzia siku hiyo. Kosa la kwanza nililifanya kwa kiburi, lakini sikujua. La pili nilijua, na nimeendelea kulifanya kila siku, nikila, nikisali, nikikufundisha hesabu. Mwanzoni nilijiambia nitasema ukikua kidogo. Kisha ulipoandikishwa sekondari ukakataa jina la Madeleine, ukataka Grâce peke yake, nikasema haya ni mambo ya watoto, yatapita. Kila mwaka uongo ulizidi uzito, na mimi nikazidi kuwa dhaifu wa kuubeba, na nikauchukua hivyohivyo.

Koko aliniuliza mara moja. Nilikuwa nimemtembelea peke yangu, anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Papa Mado, ile majani mama yangu alikuwa natumia, na koko yangu mbele yake. Miye najiuliza kila siku. Weye uko na mashini. Uliona nini ndani?"

Nilikuwa nimekwisha kuona. Nilijua hata umbo lake. Nikamjibu: "Sikuona kitu, mama."

"Bon," akasema. "Basi ni mikono yangu."

Akaendelea kuchambua. Alikufa mwaka wa nne baada ya jicho lako. Kwenye matanga nilisimama mbele ya watu nikaeleza alivyokuwa mchapakazi, alivyotulea bila baba, na watu wakalia. Wewe ulibaki nje na wenzako, hukutaka kumwaga udongo. Nilikuona. Ningeweza kutoka, hatua ishirini tu, nikakuambia. Nilibaki nimeshika kofia.

Sasa unakwenda kukaa kwenye kiti kama changu. Mambo ya labo unayajua kuliko mimi, usinicheke nikiyasema. Unajua kwamba hadubini hukuambia leo kilichopo, na kwamba kuotesha kwenye sahani hukupa jina lake na dawa inayokiweza, ila kunataka siku nyingi na vifaa ambavyo Bafwasende hutavikuta, kama ambavyo mimi sikuvikuta hapa. Utakuwa na hadubini ya bomba moja. Ulipoisikia ulisema Mungu alikutengenezea wewe makusudi, wengine watalazimika kufumba. Nilicheka siku hiyo pia. Usiku mama yako alilia.

Atakuja mtu kutoka machimboni, jiwe au tawi limempiga jichoni, ametiwa matone ya sokoni hata chupa haina karatasi. Utamkuta muuguzi ana haraka. Utaona kitu usichokijua. Na wakati huo, mwanangu, hakuna sauti ya malaika itakayokuambia hiki ni hiki. Utakuwa peke yako na kitu chembamba kwenye mwanga, na nyuma yako watu wanaokusubiri uwe mjuzi. Mimi pale niliandika hakuna kitu. Ningeandika nimeona nyuzi, sijui ni nini, naomba akwanguliwe tena, daktari asingethubutu kuandika ile dawa. Maneno machache tu. Yangeniletea aibu ya wiki moja, pengine na jina la utani. Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyofikiria jina la mama yangu.

Siwezi kukuahidi kwamba jicho lingepona. Matone ya kuvu yangechelewa vilevile, pengine lingekufa tu, pengine ungebaki na kovu na mwanga kidogo. Sijui. Nimekuwa nikitafuta hilo "pengine" linifariji, halifariji. Lingekufa mikononi mwa watu waliopigana nalo. Mimi nilimlisha adui yake, tone baada ya tone, mara nne kwa siku, kwa mkono huu ninaoandikia. Ulikuwa unainua uso mwenyewe ukisema, "Papa, saa imefika."

Mama Véro nilimwomba msamaha wa lile jina, miaka mingi imepita. Aliniambia amesahau. Hakusahau. Nadhani na siku ile aliona zaidi ya alivyosema, na amenihurumia muda wote huu, na huruma yake ni nzito kwangu kuliko matusi. Sijui nimlipe nini. Wewe nikulipe nini? Mama yangu nimlipe nini, aliyeondoka akiamini mikono yake ndiyo iliyoliua jicho lako? Kwake siwezi hata kubisha hodi. Naweza kwenda kaburini nikaongea, na nimekwenda, na nyasi hazisemi kitu.

Mama yako hajui. Nilitaka kuificha barua hii chini ya nguo zako, uisome ukiwa umeshavuka misitu, nisiuone uso wako. Nimeona ni ujanja uleule. Nitaiweka mkononi mwako leo jioni, yeye akiwepo, na atasoma baada yako. Jumapili nitawaita tantine zako wote niwaambie, wacheke tena kama wataweza. Kama utaona kituo cha Bafwasende kimepata mtu wa labo kwa sababu ya uongo, na hutaki tena kazi hii, sitakuuliza swali hata moja. Kama utakwenda, nenda kwa sababu zako mwenyewe, zangu ziache hapa.

Kuna jambo la mwisho, dogo. Miaka hii kumi na mitatu tukitembea pamoja huwa nakaa kushoto kwako. Watu husema, tazama baba anavyomlinda mtoto upande asioona. Nimewaacha waseme. Nilikaa huko kwa sababu huko hukuweza kunitazama.

Kesho asubuhi nitakaa kwenye benchi, kulia kwako utokapo mlangoni, na valizi lako kubwa miguuni. Utakapotoka utaniona. Ukitaka nilibebe mpaka kwenye lori, nitalibeba. Ukitaka mama yako akusindikize peke yake, mwachie yeye alichukue. Sitasema neno wala sitawafuata. Ila usipite haraka, mwanangu. Nitazame kwanza.

Papa